Salamu Zilizomaliza Dakika Yangu

Hjulsta, Stockholm
Alhamisi jioni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya Zai, mjukuu wako, ambaye yuko chumbani kwake anasoma, au anasema anasoma. Mgongo unaendeleaje? Na lile goti la kushoto linalojua mvua kabla ya watu wa hali ya hewa, limetulia? Mama presha yake imekaa sawa? Dawa anakunywa, au bado anazificha chini ya mto akisema zinamletea kizunguzungu? Alizeti mmeshapalilia? Leo nakusalimia kwa nafasi, Baba, kwa sababu karatasi haina saa ya kunipigia kengele. Ukifika mbele utaelewa kwa nini nasema hivyo.

Barua hii ataibeba Mama Kapinga, mke wa mwenyekiti wa tawi letu la chama huku. Anakwenda Dodoma kumwona dada yake, na kutoka hapo ataipandisha basi la Kondoa. Najua utauliza kwa nini niandike kizamani wakati simu ipo. Baba, simu yako mimi naijua. Nikikupigia unaiweka spika, unaiweka juu ya stuli, na barazani wapo Mzee Issa, wapo majirani, yupo na muuza maziwa. Neno nililo nalo safari hii ni lako peke yako kwanza. Kwa hiyo tafadhali usimpe Idi akusomee kwa sauti. Vaa miwani, kaa ndani, soma mwenyewe. Ukimaliza, msomee Mama.

Sisi hatujambo. Theluji imeanza kuyeyuka na barabara zote ni tope la kijivu. Baba Zai anaendesha basi lake kama kawaida, kalala saa hizi maana kesho anaingia asubuhi. Mimi bado niko na wazee wangu wa Kista na mitaa ya huku kwetu, nawafuata majumbani, nawaogesha, nawapa dawa, nawapashia chakula. Kazi yenyewe siyo mbaya, inayochosha ni saa. Kila mzee amepangiwa dakika zake kwenye simu ya kazini. Ukizidisha kwa huyu, umemwibia yule. Nimezoea kusalimia huku navua koti na kuaga huku nalivaa. Kuna bibi mmoja huwa ananiambia, "Hadija, kaa kidogo basi," na mimi nakaa kidogo, kisha nakimbia njia nzima kwenda kwa anayefuata. Nakueleza haya ili ujue kwamba dakika nazijua. Nafanya nazo kazi kutwa. Ndiyo maana lililonipata kwenye mdahalo linanichekesha na kunitia aibu kwa pamoja.

Sasa nije kwenye mdahalo wenyewe.

Uliponipigia usiku ule ulikuwa na furaha mpaka nilishindwa kukukatisha. "Umetutoa, mwanangu! Jina letu limetajwa kwenye televisheni, kijiji kizima kimesikia!" Nyuma yako nikasikia vigelegele. Halafu ukasema umeme ulikatika pale pale Baba Mdogo, mwenzako wa jando anayeutaka urais, alipomaliza kunijibu, na hamkuona yaliyofuata. Ukasema pia kwamba umeshampigia Baba Mdogo umwambie kura ya binti yako wa Stockholm iko mfukoni mwake. Mimi nikaitikia "ndiyo Baba, ndiyo Baba," nikakata simu. Tangu hapo sina raha. Mlichokiona barazani kwetu ni nusu, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonifanya niandike.

Acha nianze mwanzo. Unajua kwamba sisi wa huku kura ya rais hatupigi. Kwa Waswidi napiga kura ya manispaa, nachagua watu wa kusimamia shule na takataka, lakini rais wa nchi yangu namwona kwenye simu tu. Baba Zai alishachukua uraia wa huku. Mimi pasi yangu bado ni ile ile ya Tanzania, na watu wananicheka kwenye foleni za viwanja vya ndege. Kwa hiyo chama kiliposema safari hii matawi ya ughaibuni nayo yatapiga kura za maoni, kumchagua mtia nia mmoja kati ya watatu, Baba, nililia. Ndiyo, nililia jikoni, na vitunguu havikuwepo. Hii ndiyo kura yangu ya kwanza ya kumtafuta rais tangu nitoke nyumbani.

Kisha kukatangazwa mdahalo, na tawi letu likapewa nafasi ya kuuliza swali moja kwa njia ya video. Dakika moja ya kuuliza. Mzee Kapinga, mwenyekiti wetu, aliyekuja huku zamani kwa mafunzo ya uhandisi akabaki, akaitisha kikao, tukajadili nani aulize. Nikawasimulia habari ya zahanati ya kijijini kwetu. Nikawaambia jinsi ulivyomega shamba lako la alizeti ukatoa kiwanja, jinsi ilivyojengwa ikapigwa rangi, Baba Mdogo akaja kuizindua, na mpaka leo haina muuguzi wala panadoli. Nikawaambia wewe mwenyewe uliniambia wapangaji wake ni popo. Nikawasimulia na wifi yangu, mke wa Idi, alivyojifungulia njiani akipelekwa Kondoa mjini kwa pikipiki, amepita mbele ya zahanati ile imefungwa kwa kufuli. Mzee Kapinga akasema, "Hadija, utauliza wewe."

Kwa hiyo swali lile halikuwa langu, Baba. Lilikuwa lako.

Siku ya mdahalo tukakusanyika kwenye chumba cha mikutano cha jengo letu, kule chini, kinachopakana na chumba cha kufulia. Mashine za majirani zinanguruma, sisi tuna pilau na chai ya tangawizi, na mdahalo uko ukutani. Wafula naye alikuwepo, yule Mkenya jirani yetu niliyekusimulia, asiyekosa shughuli yenye pilau. Kura hana, kadi hana, ila ndiye aliyebishana kuliko wenye chama.

Nilikuwa nimefanya mazoezi ya swali langu mbele ya kioo. Zai akanisikiliza akaniambia, kwa Kiswidi chake, "Mama, uliza kwanza, salamu baadaye." Nikamwambia huo ni utoto, mtu haingii kwa watu na swali mkononi. Mzee Kapinga akaniunga mkono: "Usiende kama huna kwenu. Wasalimie wazee vizuri." Basi.

Zamu yetu ikafika. Nikasimama mbele ya kamera, nimejifunga kitenge chako ulichonitumia. Nikaanza. Nikamwamkia mwenyekiti wa chama. Nikawaamkia wazee wa baraza. Nikawasalimia mwendesha mdahalo na wananchi walioko ukumbini. Nikawaamkia watia nia mmoja mmoja: Baba Mdogo kwa heshima zake zote, Bi Somoe wa Lindi, na yule Profesa kijana. Sasa Profesa alikuwa amefiwa na mama yake wiki ile, nami ningempitaje mfiwa bila pole? Nikampa pole, yeye na familia, nikamwombea marehemu. Nikafikisha salamu za tawi. Ndipo nikasema, "Swali langu linahusu zahanati ya kijijini kwetu Kondoa, ambayo..."

Ting!

Yaani, Baba, kengele. Dakika imekwisha. Mwendesha mdahalo akasema, "Asante sana dada yetu kwa swali zuri. Watia nia, karibuni mjibu." Swali gani? Wafula akaanguka kwenye kiti kwa kicheko. "Nyinyi Watanzania, adabu itawamaliza! Dakika nzima umeamkia watu! Kwetu mtu angeshauliza, akajibiwa, akatukana na akafukuzwa!" Zai aliniangalia kwa jicho la "nilikuambia". Nilitamani ule ukuta upasuke niingie kule kwenye mashine za kufulia.

Hapo ndipo Baba Mdogo alipojibu, na hiyo mliiona. Alinyanyuka akatabasamu lile tabasamu lake. "Huyu ni mwanangu! Baba yake na mimi tulitoka jando moja. Nimekula ugali wa uwele wa mama yake. Mwanangu, marahaba, marahaba sana!" Akakutaja kwa jina, akamtaja Mama, akamtaja na marehemu bibi. Ukumbi ukapiga makofi. Akamalizia, "Na zahanati ipo, nimeizindua kwa mkono wangu huu." Makofi tena. Na kwenu umeme ukakatika.

Baba, sitakudanganya, moyo wangu ulifurahi. Kusikia jina la bibi likitajwa mbele ya nchi nzima siyo jambo dogo. Nilifuta machozi. Mzee Kapinga akanipigapiga begani akasema, "Huyo ndiye kiongozi, anajua watu wake." Mpaka hapo kama ungeniuliza kura yangu iko wapi, ningekujibu kama ulivyomwambia yeye: mfukoni mwake.

Akafuata Profesa, akashukuru kwa pole, kisha akazungumza habari za wawekezaji. Zahanati hakuigusa, na simlaumu, mtu hajibu asichoulizwa.

Halafu ikaja zamu ya Bi Somoe. Mama mmoja mwembamba, sauti yake ya chini mpaka Mzee Kapinga akaongeza spika. Akasema, "Marahaba, mwanangu wa Stockholm. Mimi lakini swali sikulisikia. Mwendesha mdahalo, nina dakika mbili za kujibu. Naomba moja apewe yeye amalizie."

Mwendesha mdahalo akasita, akageuka huku na huku, akakubali. Nikarudi mbele ya kamera. Safari hii sikumwamkia mtu. Nikasema: zahanati ya kijiji chetu ilijengwa, ikapakwa rangi, ikazinduliwa, haijawahi kuwa na muuguzi. Mke wa kaka yangu amepita mbele yake ana uchungu, akajifungulia barabarani. Ninyi mnaotaka kutuongoza, mtafanya nini? Nikamaliza, na muda ukabaki.

Bi Somoe akanijibu kwa dakika yake iliyobaki. Hakuniahidi muuguzi. Alisema kijiji chetu hakijui na hawezi kuja kuahidi asichokijua. Alisema wauguzi waliosoma wapo, wamekaa nyumbani hawana ajira, na tunakosea kujenga kwanza kisha kumtafuta mtu wa kukaa ndani. Akasema akipata nafasi, jengo la zahanati halitakatiwa utepe mpaka muuguzi awe amesimama mlangoni. Akakaa chini. Makofi yalikuwa machache.

Hapo Baba Mdogo akaomba neno. Akacheka, akasema, "Mwanangu amekaa Ulaya muda mrefu, baridi imemwingia, amesahau kwamba ya nyumbani tunayasema nyumbani." Ukumbi wote ukacheka. Na mimi nikacheka, Baba, kwa sababu ni baba yangu mdogo na ndiyo utani wake. Kisha nikarudi kukaa. Lakini nilitegemea baada ya utani ataniambia kitu kuhusu kufuli lile. Hakusema.

Baada ya mdahalo tukabaki kulinganisha. Jamani, tulibishana mpaka pilau likapoa! Mzee Kapinga alimtetea Baba Mdogo, na alimtetea vizuri. Alisema ana uzoefu, amelala vijijini, anakumbuka majina, hawezi kuuza nchi kwa sababu anajua ni ya nani. Mama Kapinga, ambaye kwa kawaida hambishii mumewe hadharani, akasema majina hata yeye anayakumbuka, na hakuna aliyempa urais. Dada mmoja wa Mbeya akasema Bi Somoe ana akili ila sauti hana, na watu hawampi kura mtu wanayemsikia kwa shida. Wafula akatia lake: "Mheshimiwa amemtaja baba, amemtaja mama, amemtaja na nyanya yake. Bado tu kumtaja ng'ombe. Hiyo ni kampeni safi kabisa!"

Kisha Mzee Kapinga akanigeukia. "Hadija, wewe ndiye mwenye swali. Sema." Nikasimama kumtetea Baba Mdogo, kwa sababu nilijua ndilo unalotaka, na kwa sababu anastahili kutetewa. Niliwaambia ukweli. Bibi alipofariki alikuja, akavua koti akashika jembe na vijana makaburini, hakuna kamera hata moja. Niliwaambia hana makuu, anaingia jikoni anamsalimia mpaka anayeosha vyombo. Niliyasema yote na kila moja ni kweli. Halafu nikafika mahali pa kusema atafanya nini na zahanati, nikakwama. Nikakaa.

Zai ndiye aliyefuata kusema. Huyu mtoto, Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiswidi, wewe unajua. Safari hii akajitahidi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika vunjika mbele ya watu wazima wote: "Mama, yule mama alikupa dakika yake. Yeye alikuwa na mbili tu."

Baba, mimi kazi yangu ni dakika. Najua kumpa mtu yako maana yake nini.

Nimelifikiria wiki nzima, kwenye treni, kwa wazee wangu, jikoni. Baba Mdogo anajua mimi ni nani. Bi Somoe alitaka kujua nasema nini. Mtu wa kuja kwenye harusi ya Zai, wa kukaa na wewe barazani, wa kunizika nikifa, ni Baba Mdogo, na sitaki mwingine. Ila mtu wa kufungua lile kufuli sijamwona kwake. Nilimtafuta, Baba. Wallahi nilimtafuta.

Jumamosi ijayo siyo hii, tunapiga kura. Na chama kimeagiza kura za matawi ziwe za wazi, mtu ananyoosha mkono na picha inapelekwa makao makuu. Kwa hiyo Baba Mdogo ataona. Utaambiwa. Mzee Issa atauliza barazani binti yako kafanya nini. Hilo ndilo linaloniuma, wala siyo kura yenyewe. Umekaa na yule mtu tangu mkiwa vijana wadogo mmejifunga shuka, na umempa neno lako juu yangu, na mimi nakwenda kulirudisha mbele ya watu. Nisingependa ulisikie kwa mwingine. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana nimemwomba Mama Kapinga aahidi kwamba itafika kabla.

Nisalimie Mama, mwambie dawa azinywe, na kizunguzungu atakizoea. Nisalimie Idi na mkewe, na yule mtoto aliyezaliwa barabarani mpige busu shavuni. Shangazi mkubwa mpe shikamoo yangu, mwambie zile nguo nimezipata na zinamtosha Zai mabegani ila siyo mikononi, mtoto amerefuka kama mtama. Mjomba fundi cherehani mwambie nakumbuka vitenge vyake. Mzee Issa na wote wa barazani, salamu nyingi.

Na Baba Mdogo, Baba, msalimie sana. Mwamkie kwa niaba yangu, ukae naye, umuulize mgongo, umuulize watoto, usikatishe hata kidogo. Salamu zake kwangu ni kamili, hazikupungua na hazitapungua.

Ukishasoma, nipigie. Usiweke spika. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kunibadilisha mawazo, jaribu. Nitakusikiliza mpaka utakapomaliza mwenyewe, hata kama wazee wangu watachelewa kuoga siku hiyo, sitakuambia muda umekwisha.

Kisha Jumamosi, Baba, nitanyoosha mkono kwa Bi Somoe.

Ni mimi binti yako, mwenye swali lako,
Hadija